Hanesi ya kugeuza iwe begi: nichukue iliyo nyepesi kuliko zote?

"Nilijifunza kuruka kwa paraglaida mwaka jana na nimeruka kama mara 40, karibu zote kutoka ukingo wa Iten, Kenya, kushuka Bonde la Kerio. Nina kilo 74 na urefu wa sentimita 176. Bawa langu ni la daraja A, lile la wanaoanza, la kubeba jumla ya kilo 80 hadi 100, rubani na vifaa vyake. Hanesi ninayotumia, yaani kiti cha mikanda kinachoning'inia chini ya bawa, ni ile nzito ya kujifunzia, yenye ubao wa kukalia na povu nene mgongoni, kilo 5.5. Sasa nataka kupanda kwa miguu kutoka bondeni niruke tena badala ya kungoja gari, na ndoto yangu ni kuruka Kilimanjaro siku moja. Kuna mgeni anayerudi kwao Ulaya ananiuzia hanesi ya kugeuza iwe begi, kilo moja na nusu tu, bei nzuri, lakini haina kinga yoyote ya mgongo. Anasema mifuko ya hewa ya hanesi nyepesi ni urembo mtupu kwa sababu mtu akiruka haina hewa. Ni saizi kubwa kuliko yangu, naye anasema hiyo ni faida, begi litabeba zaidi. Ninunue?"

Usinunue hiyo. Aina ya hanesi umeipata sawasawa. Kwa mtu anayetaka kupanda ule ukingo kwa miguu, hanesi ya kugeuza ndiyo kifaa chenyewe. Mgeni wako pia hakudanganyi kwa kila neno, maana katika maneno yake mna nusu ya ukweli. Tatizo ni ile nusu nyingine, nayo inahusu uti wa mgongo wako.

Kwa wasomaji ambao hawajaiona: unatua, unakunja bawa, unafungua zipu ndefu ya nyuma, unaisukuma hanesi yote ndani-nje kama unavyogeuza foronya, na ile sehemu iliyokuwa mgongo wa kiti inakuwa begi lenye mikanda ya mabegani na mkanda wa kiunoni. Bawa, kofia na maji vinaingia ndani, unatembea. Hutahitaji begi la pili. Hapo ndipo akiba kubwa ya uzito inapotoka, na watu wengi hawaihesabu.

Tuihesabu yako. Bawa la daraja A la kawaida lina kilo 5.5 hivi. Hanesi yako 5.5. Begi la kubebea kilo 1. Parachuti ya akiba 1.8. Kofia, redio, nguo za baridi na maji, tuseme 3.5. Jumla kilo 17.3 mgongoni. Ukihamia hanesi ya kugeuza yenye mfuko wa hewa, ambazo nyingi zina kilo 2 na nusu hadi 3 na nusu, tuchukue 3 kamili, begi la zamani linaondoka na mzigo unashuka hadi 13.8. Kilo tatu na nusu zimekwisha, na bado umekaa juu ya kinga. Ukichukua ile ya mgeni utapunguza kilo moja na nusu zaidi, lakini utakuwa umeipoteza kinga yote ya mgongo. Ilhali kwa bawa jepesi la daraja hilohilo ungepunguza kilo 2 bila kugusa usalama wa kiti, na kwa parachuti ya akiba nyepesi zaidi ya nusu kilo. Kwa hiyo mtu akikuambia hanesi nyepesi kuliko zote ndiyo mwanzo wa kupanda na kuruka, mwambie aanzie kwenye bawa.

Sasa kuhusu kinga yenyewe, kwa sababu hapa ndipo mabishano mengi yanapoanzia.

Parachuti ya akiba iliyopita kiwango cha Ulaya, EN 12491, inaruhusiwa kukushusha kwa kasi isiyozidi mita 5.5 kwa sekunde. Hiyo ni sawa na kuruka kutoka kwenye ukuta wa mita moja na nusu. Ukitua kwa miguu, magoti yamekunjwa kidogo, ukabingirika, unaamka na kujipangusa vumbi. Ukitua umekaa, hadithi ni nyingine. Mwili wenye kasi hiyo ukisimama ndani ya sentimita 3, yaani unene wa nyama na kitambaa tu, mgongo unabeba wastani wa mara 50 ya uzito wako. Ukipewa sentimita 15 za kusimamia, inakuwa mara 10. Kasi ni ileile na mtu ni yuleyule, kilichobadilika ni umbali wa kusimama. Povu au mfuko wa hewa hauna kazi nyingine yoyote zaidi ya kukununulia sentimita hizo. Na pingili zinazovunjika kwa marubani wa paraglaida mara nyingi ni zilezile, za pale kifua kinapoishia na kiuno kinapoanza, kwa sababu mtu aliyekaa anabeba mshindo wote wima.

Jambo hili halihusu tu siku ya kurusha parachuti ya akiba. Ajali nyingi za wanaoanza ni za karibu na ardhi: bawa limekunjika upande mmoja mita chache baada ya kuruka, au umevuta breki mno wakati wa kutua ukaanguka kwa makalio. Mtu aliyeruka mara 40 bado yuko katikati ya kipindi hicho. Marubani wa milima mirefu wanaoruka na hanesi za nyuzi zisizo na kinga wapo, na wana sababu zao, lakini wengi wao walishatua mara mamia kabla ya kuamua hivyo.

Haya, mfuko wa hewa. Una mdomo, kwa kawaida chini ya mapaja au ubavuni, unaokabili upepo. Ukiwa angani kwa kasi ya kawaida ya kilomita 35 na kitu kwa saa, hewa inaingia na kuujaza kwa muda mfupi, na kipande cha kitambaa kwa ndani kinaizuia isirudi nje haraka. Ukigonga ardhi, hewa inatoka polepole kupitia mishono na matundu madogo, nawe unasimama polepole. Mgeni wako ana haki hapa: ukiwa umesimama kwenye ukingo, mfuko unaning'inia nyuma ya miguu kama gunia tupu, na sekunde za kwanza za kuruka haujajaa. Lakini watengenezaji wanalijua hilo tangu zamani. Hanesi nyingi za siku hizi zina waya mwembamba wa nitinoli, madini yanayorudi kwenye umbo lake yakikunjwa, au fito za plastiki zinazoufungua mfuko mara unapoitoa hanesi kwenye begi, hivyo unaruka ukiwa tayari umejaa kwa kiasi kizuri. Uliza hasa kitu hicho. Waya hizo zikiwa zimepinda vibaya kwa kukunjwa miaka mingi, mfuko hausimami, nawe umebeba urembo kweli.

Kuna aina ya tatu, kinga ya kujazwa kwa mdomo au kwa pampu ndogo kabla ya kuruka. Inakuwa imejaa tangu chini, ikitolewa hewa haichukui nafasi begini, na ni nyepesi. Kwa milima ya nyasi naipenda. Kwa Kerio nina wasiwasi nayo. Wewe unalijua hilo bonde: ukikosa uwanja wa kutua, kilichobaki ni migunga, na mwiba wa mgunga hauulizi bei ya kitu. Mfuko wa kawaida ukitobolewa tundu moja unaendelea kujazwa na upepo. Kinga ya kupuliza ikitobolewa imekwisha, na unaweza usijue mpaka siku unapoihitaji. Ukiichagua, ipulize usiku uiache hadi asubuhi kabla ya kila safari, na utembee na kiraka. Povu halina mashaka yoyote kati ya haya, ila ni nene, na hanesi ya kugeuza yenye povu hukupa begi lililovimba hata likiwa tupu.

Hanesi ya kugeuza ina mambo mawili ya kwake peke yake ambayo hanesi ya kawaida haina. La kwanza ni zipu. Katika modeli nyingi kitambaa cha begi na kitambaa cha mfuko wa hewa ni kimoja, au viko bega kwa bega, na zipu uliyofungua ukigeuza ndiyo inayoufunga mfuko. Ukiruka ikiwa wazi, hata robo yake, hewa inatoka hapo kadiri inavyoingia. Ifanye sehemu ya ukaguzi wako: miguu, kifua, kofia, parachuti, zipu. La pili ni vitu unavyotia mfuko wa mgongoni. Nimewaona watu wakichomeka fimbo za kutembelea wima, ncha ya chuma ikielekea kisogoni, au chupa ya maji ya chuma ikilala sambamba na uti wa mgongo. Ukianguka, kinga inafanya kazi yake na chupa inafanya ya kwake. Nguo laini zikae mgongoni, vitu vigumu vikae pembeni au chini ya miguu, na fimbo zilazwe pale mtengenezaji aliposhona nafasi yake.

Saizi sasa. Hapo mgeni amekosea kabisa, na nadhani anajua. Hanesi kubwa haikushiki. Ukitaka kukaa baada ya kuruka unateleza mbele, unajikuta unainua miguu mara tatu nne huku mkono mmoja umeachia breki, karibu na ukingo, mahali ambapo bawa linahitaji mikono yote miwili. Angani unaelea ndani yake: bawa linavuta huku, kiuno kinakwenda kule, na wewe unafikiri bawa ndilo baya. Mpini wa parachuti ya akiba nao unahama kutoka pale mkono wako ulipozoea kuukuta. Hata kama begi haifai, kwa sababu mkanda wa kiunoni unashukia kwenye makalio na mzigo wote unabebwa na mabega. Kwa sentimita 176 na kilo 74, kampuni nyingi zitakuweka saizi ya kati, lakini jedwali la kila mtengenezaji ni tofauti na urefu wa kiwiliwili una uzito kuliko urefu wa miguu.

Utakuta pia kwamba karibu hanesi zote za namna hii hazina ubao. Miguu inashikwa kila mmoja na kitanzi chake. Zile safari za kwanza utahisi bawa linakuongelesha zaidi, linatikisa nyonga zako kwa kila kimkondo, na ukiegemea upande mmoja linaitikia upesi. Si kasoro, unazoea. Angalia tu kitabu cha bawa lako kinataka umbali gani kati ya karabina mbili, zile pete za chuma zinazounganisha hanesi na bawa, na uurekebishe mkanda wa kifua kwa futi ya kupimia, si kwa macho. Kwa safari ya saa moja au mbili utastarehe. Kama nia yako baadaye ni kukaa angani mchana kutwa ukifukuza kilomita juu ya Kerio, hii siyo hanesi ya kazi hiyo, kwa hiyo usiiuze ile ya zamani.

Mikanda ya miguu naitaja peke yake. Rubani akiruka bila kuifunga anateleza kutoka kitini, ananing'inia kwa makwapa, na hafikii breki. Watu wamekufa hivyo, wakiwemo wazoefu. Hanesi nyingi zina mfumo ambao mkanda wa kifua na wa miguu umeunganishwa, kiasi kwamba huwezi kufunga kifua ukasahau miguu. Baadhi ya hanesi nyepesi sana zimeuondoa ili kuokoa gramu chache za bizimu. Mimi nisingenunua isiyo nao, hasa kwa mtu anayefika juu akitweta baada ya saa tatu za kupanda. Uchovu ndio unaosahau.

Kuhusu parachuti ya akiba, usifikirie kuiacha nyumbani ili upunguze kilo. Chunguza kama hanesi ina nafasi yake ndani, chini ya kiti au ubavuni, na kama lita za nafasi hiyo zinalingana na parachuti yako. Ikiwa haina, kuna vifuko vya kufunga mbele kifuani, vinafaa. Kilicho muhimu ni kwamba inatoka. Parachuti nene iliyobanwa kwenye nafasi ndogo inaweza kugoma kabisa, na hili halijulikani kwa kutazama. Linajulikana kwa kuning'inia na kuvuta. Na kumbuka uko juu. Pale Iten, mita 2,400 hivi kutoka usawa wa bahari, hewa ni pungufu kwa asilimia 20, kwa hiyo ile parachuti ya mita 5.5 kwa sekunde inakushusha kwa zaidi ya 6. Ule ukuta wa mita moja na nusu umekuwa karibu mita 2. Ndiyo maana nimekazania kinga.

Kilimanjaro ni hesabu hiyohiyo, ila imekolezwa. Kileleni, mita 5,895, hewa ni kidogo zaidi ya nusu ya ile ya pwani, na bawa lako linahitaji kasi kubwa kwa theluthi moja ili likuinue. Utakimbia kasi hiyo juu ya changarawe ukiwa na mapafu yanayolia. Huko uzito una maana kubwa kuliko Iten, na bado mtu anahitaji kibali cha hifadhi, timu, na uzoefu wa kurukia sehemu nyingi za juu. Usinunue hanesi ya leo kwa ajili ya siku hiyo. Nunua ya kupanda kutoka Tambach, chini ya ukingo, kwenda Iten, utakapokuwa unapitwa na wanariadha wanaoshuka na kupanda mara mbili wakati wewe unapanda mara moja.

Kabla ya kuamua, piga pia hesabu ya bawa. Leo unaruka ukiwa na jumla ya kilo 91 na ushee. Kwa hanesi mpya utashuka hadi karibu 88. Kwenye bawa la 80 hadi 100 bado uko pazuri. Ukipunguza vitu vingine ukafika 82, bawa litakuwa jororo kidogo, na mchana wa Januari hadi Machi, hewa moto inapopanda kwa nguvu kutoka bondeni, litakunjika kwa urahisi zaidi. Mwepesi aruke asubuhi.

Miongoni mwa zile zinazogeuzwa na zina kinga, utakutana na majina kama Altirando ya Supair ya Ufaransa, Easiness ya Advance ya Uswisi, Verso ya Gin ya Korea Kusini na Wani ya Woody Valley ya Italia. Kila jina lina matoleo kadhaa, na toleo moja hadi jingine uzito na kinga hubadilika, kwa hiyo soma lebo iliyoshonwa ndani, usisome tangazo. Alama ya EN 1651 kwenye lebo hiyo kwanza inakuambia kwamba mikanda na mishono imepimwa uimara wake kwa uzito ulioandikwa. Peke yake haikuhakikishii kwamba kuna kinga ya mgongo. Hata ile ya mgeni inaweza kuwa na alama hiyo.

Ukipata ya mkononi yenye saizi yako, itandaze juani uitazame taratibu. Mishono ya pale karabina inapopita isiwe na nyuzi zilizosimama. Mikanda isiwe imepauka. Jua la ikweta juu mlimani hula nailoni, na hanesi nyepesi ina nyuzi chache za kupoteza. Linganisha rangi ya mkanda uliofichwa ndani ya bizimu na ule wa nje, tofauti hiyo itakuambia imekaa juani kiasi gani. Jaza mfuko wa hewa kwa kuushikilia mbele ya upepo, ukalie, usikilize unapovuja. Pini za parachuti zisiwe na kutu wala kupinda. Karabina za alumini badilisha tu, hazina thamani ya kubahatisha. Kampuni nyingi huzipa miaka mitano. Parachuti ya akiba iliyokaribia miaka 10 ihesabu kama haipo kwenye bei.

Kuna kazi hapa ambazo maandishi hayawezi kuzifanya. Ifunge hanesi kwenye kamba imara, boriti ya banda au tawi nene, ukae ndani nusu saa ukiwa na mwalimu wako au rubani mwenye leseni ya kufundisha. Miguu ikifa ganzi hapo, na angani itakufa. Aangalie unavyokaa, arekebishe mikanda, kisha uvute parachuti ya akiba kutoka humo, mara moja kwa mkono uliozoea. Kuifunga tena ndani ya hanesi mpya kufanywe na mtu aliyefunzwa, wala si kwa video. Safari za kwanza ziwe za asubuhi, hewa tulivu, uwanja mpana wa kutua, na mwalimu kwenye redio.

Na siku yoyote ukitua kwa makalio ukasikia maumivu katikati ya mgongo, hata kama unaweza kutembea, lala chini uache watu wakubebe bila kukukunja, upigwe picha hospitali kubwa. Kwenu Eldoret iko ya rufaa ya Moi. Usipande bodaboda kurudi Iten kwa sababu eti maumivu si makali. Pingili iliyopasuka huwa inamruhusu mtu atembee, kwa muda.

Mgeni wako mwambie asante. Akiwa na rafiki anayeuza saizi ya kati yenye mfuko wa hewa, mwombe kwanza akuachie uninginie ndani yake kabla hujatoa pesa. Akikataa, mwachie hanesi yake.